Picha Kutoka Ndani ya Migomba

Siku ukoo uliponivika lubugo la baba, watu walidhani nimeinamisha kichwa kwa majonzi. Majonzi yalikuwapo, tena mengi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye lubugo lenyewe. Ni nguo ya gome la mti, imepondwa mpaka ikalainika, rangi yake kama kutu iliyochanganywa na asali. Pale ilipochanika zamani, mtu fulani aliishona kwa uzi mweusi, na mishono yake ilikwenda kombo, ikapanda, ikakatana, ikaishia mahali pasipo na tundu lolote. Niliifuata kwa macho kutoka goti moja hadi jingine. Wakati huo mzee wa ukoo alikuwa ananikabidhi mkuki na mundu wa marehemu, akitangaza mbele ya watu wote kwamba tangu siku hiyo mimi ndimi omusika, mrithi wa kibanja, na baba wa wote waliozaliwa ndani yake.

Nilikuwa bado kijana, ndevu zangu zinaota kwa mafungu. Nchi ilikuwa imepata uhuru si zamani. Neno lenyewe lilikuwa redioni, kwenye mahubiri, kwenye khanga za wanawake waliokaa matangani petu. Nililisoma migongoni mwao huku nimeshika mkuki.

Kwetu Muleba kibanja si shamba tu. Ni nyumba, na migomba inayoizunguka nyumba, na mibuni chini ya migomba, na maharage chini ya mibuni, na makaburi chini ya vyote hivyo. Mrithi hulala hapo. Akisafiri hurudi. Akigombana na dunia nzima, hugombana nayo akiwa amesimama hapo. Ni heshima kubwa, na vijana wa rika langu walinionea wivu wa wazi. Aliyestahili kuonewa huruma, kwa maoni yao, alikuwa mdogo wangu, ambaye angeondoka kwenda kutafuta maisha. Yeye alilia kweli siku ile. Alikuwa anaijua migomba yetu kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake, huu mkaidi, huu wa pombe ya rubisi, huu uliopandwa mwaka wa mvua ya mawe. Mimi nilikuwa nazijua rangi zake tu.

Jioni ya siku ile, wageni walipopungua, nilimfuata mama jikoni. Kwetu tulimwita Mae.

"Mae, na Kampala?"

Nilikuwa nimekubaliwa huko, kwenye chuo kinachofundisha uchoraji. Sanduku langu lilikuwa tayari, na meli ilikuwa ya wiki iliyofuata, kutoka bandari ya Bukoba.

"Kampala itakuwapo," alisema, akigeuza ndizi zilizokuwa zinachemka.

"Na mimi?"

"Wewe utakuwapo hapa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza mlango uko upande gani.

Uchoraji ulinianza utotoni kwa njia ya uchafu. Mgomba ukikatwa hutoa utomvu mwepesi kama maji. Ukidondokea shati huoni kitu. Kesho yake pana doa la kahawia, na likifuliwa ndipo linapokolea, halitoki tena mpaka shati lichakae. Kila mtoto wa kwetu ana shati la shambani kwa sababu hiyo. Mimi shati langu la shambani nililipenda kuliko la kanisani. Nilikuwa nalianika kwenye jani na kungoja madoa yatokee, na kila lilipotokea moja nilihisi kitu kifuani kama mtu anayeitwa kwa jina lake na sauti asiyoijua. Kisha nikaanza kuyasaidia. Nilichovya kijiti kwenye kisiki kilichokatwa, nikapiga mistari isiyoonekana, nikaenda kulala. Asubuhi mistari ilikuwa imefika. Nilipomaliza shati langu nilichukua la mdogo wangu, na hapo nilichapwa, kwa haki.

Nilipokwenda kusoma sekondari Bukoba mjini, kulikuwa na padri mmoja mzee wa Kizungu aliyetufundisha kuchora. Siku moja aliweka chungu mezani akasema tukichore. Kupitia dirishani ziwa lilikuwa linaonekana, na kwa mbali mvua ilikuwa inakuja juu ya maji, pana, ya kijivu, kama ukuta unaosukumwa na watu wasioonekana. Nilianza chungu vizuri. Padri alipopita alisimama nyuma yangu kwa muda.

"Nilisema chungu."

"Ndiyo, Padri."

"Kiko wapi?"

"Mvua ilikuja ikakifunika."

Wenzangu walicheka. Yeye alicheka pia, hadi akavua miwani, kisha akaichukua ile karatasi na kuibandika ukutani chumbani kwake, ikiwa bado mbichi. Tangu hapo alinipa ufunguo wa kabati lenye rangi za unga. Wenzangu wakienda kucheza mpira, mimi nilikuwa nachanganya nyekundu na maji kwenye kopo la maziwa. Sikuwa nachora vitu. Sikujua kwamba kuna watu duniani wanaochora hivyo, na padri aliponionyesha kitabu chenye picha zao sikufurahi sana, nilihisi kama nimekuta watu wamekaa chumbani mwangu. Lakini ni yeye aliyeniandikia Kampala. Nilipokwenda kumwambia kwamba baba amefariki na sitakwenda tena, alinipa brashi zake na rangi alizoweza kuzifunga kwenye gazeti. Alitaka kusema kitu, akakosa Kiswahili chake, akanishika bega.

Basi nikawa mrithi. Nilioa binti wa Kilutheri kutoka Rwamishenye, ambaye alikubali kuja kwenye kanisa letu ingawa nyimbo zake alikuja nazo. Nilijifunza kupunguza migomba, kukata matawi ya mibuni, kuanika kahawa, kutandika nyasi. Nilijifunza pia kazi nyingine ya mrithi, ambayo ni kukaa. Kukaa kwenye mazishi ya ukoo, kukaa kwenye posa za binamu, kukaa kati ya majirani wawili wanaogombania mpaka. Mtu akibisha hodi na jambo lake, mrithi hasemi ana shughuli. Mara nyingi nilikuwa nimeshika brashi yenye rangi, nikaitikia karibu, na niliporudi rangi ilikuwa imekauka kwenye nywele za brashi, na kile nilichokuwa nakiona kilikuwa kimeondoka.

Mtu ambaye hajakaa ndani ya kibanja hawezi kujua jinsi kinavyofunga macho. Huoni mbali. Mbele yako kuna shina, nyuma ya shina kuna shina, juu majani yamefunga mbingu, na mwanga unashuka kwa vipande virefu, kijani, vinavyotikisika. Majani makavu yananing'inia kama nguo za watu walioondoka. Mwaka wa kwanza nilidhani nitakosa hewa. Nilikuwa nachora hicho hicho, vipande vya kusimama, kijani juu ya kahawia juu ya nyeusi, vimebanana mpaka kwenye ukingo wa ubao. Nilichora juu ya mbao za masanduku, juu ya mlango wa zamani wa choo. Majirani walikuwa wanakuja kutazama kwa adabu.

"Hii ni nini?" waliuliza.

Mke wangu aliwajibu kutoka jikoni, "Msimwulize. Hata yeye anangoja kuambiwa."

Alikuwa ananisaidia kwa njia yake. Rangi zilipoanza kuadimika madukani Bukoba, kama sabuni na vitu vingine vilivyokuwa vinaadimika, ni yeye aliyeniletea bluu ya kufulia iliyobaki, na dawa ya zambarau ya vidonda kutoka zahanati. Nyekundu niliichota barabarani baada ya mvua. Nyeusi niliikwangua darini jikoni, masizi ya miaka. Na kahawia nilirudi kuichukua kwenye visiki, kwa kijiti, kama zamani. Kwa kuwa utomvu hauonekani ukiwa mbichi, nilikuwa nafanya kazi kama kipofu na kusubiri kesho yake nione nimefanya nini. Nilichora juu ya magunia ya kahawa yaliyochakaa. Gunia linakunywa. Ukiliwekea mstari, linaupeleka linakotaka.

Nisidanganye kwamba nilikuwa na raha. Kulikuwa na saa za raha, hasa asubuhi wakati madoa yalipojitokeza. Lakini kila nilipotundika gunia nililiona kama ramani ya mahali nilipofungwa, na nilikuwa naongeza milango isiyofunguka.

Zikaja siku za vijiji vya ujamaa. Mwenyekiti wa tawi letu alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa, katekista wa zamani, na alikuwa akinituma kuandika maneno ya mikutano kwenye vitambaa na mbao, kwa kuwa herufi zangu zilikuwa zimenyooka. Siku moja aliitisha mkutano. Akaeleza kwamba kijiji kipya kitaanzishwa kwenye rweya, yaani ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya vijiji vyetu, ambako watu huchunga ng'ombe na kukata nyasi za kutandika. Pale watu watalima pamoja na kugawana. Akaomba familia zitakazojitolea.

Hakuna Mhaya anayependa kulima rweya. Udongo wake ni maskini, upepo wake hauna adabu, na hakuna babu yeyote aliyezikwa pale. Watu waliangalia miguu yao. Mimi nilikuwa nawaza mahali pasipo na shina hata moja. Nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti alinitazama kana kwamba nimepotea njia. "Wewe? Mrithi?"

"Mimi."

Akapiga makofi. Watu wengine walipiga pia, polepole, kwa woga. Nadhani mimi ndiye mtu pekee katika wilaya nzima aliyehamia ujamaa kwa kukimbia kwao.

Mae alikuwa amekwisha kuambiwa kabla sijafika nyumbani. Alikuwa amekaa kizingitini.

"Nani atalala na baba yako?" aliuliza.

"Baba amelala salama, Mae."

"Nimekuuliza nani atalala naye."

Wazee wa ukoo walikuja kesho yake. Walizungumza kwa zamu, na kila mmoja alianza na waitu, neno letu la heshima, kana kwamba wanamsihi mtemi na si kijana waliyemwona akikimbia uchi. Walisema kibanja bila mrithi ni kama kanisa bila taa. Niliwajibu kwamba serikali imeita. Hilo hawakuweza kulipinga, na mimi nilijua hawataweza.

Nilikwenda Bukoba kumtafuta mdogo wangu. Alikuwa amepanga chumba Kashai na kufanya kazi ya kubeba magunia kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Nilimkuta amekaa nje, akimenya ndizi za kununua, jambo lililonichoma kidogo.

"Nataka urudi ukitunze kibanja," nilimwambia.

Aliacha kumenya. "Kwa jina la nani?"

"Kwa jina langu. Ukoo hautakubali vinginevyo."

"Kwa hiyo nitakuwa kibarua wako."

"Utakuwa nyumbani."

Alitazama vidole vyake vilivyoanza kunata utomvu. "Mgomba wa karibu na kaburi la Taata," alisema, akimtaja baba kama tulivyomwita, "bado mnauacha ubebe mikungu miwili?"

Sikujua. Alitikisa kichwa, akaingia ndani kufunga vitu vyake.

Siku tuliyofika rweya, nilishuka kwenye lori nikasimama. Sikuwa nimewahi kusimama mahali ambapo mbingu inafika chini pande zote. Nyasi zilikuwa zinalala na kuinuka kwa upepo, rangi ya simba, na kwa mashariki kulikuwa na mstari mwembamba wa ziwa, kama uzi uliosahauliwa. Mke wangu alishuka na mtoto mgongoni, akatazama huku na huku.

"Sasa tutajificha wapi jua?" aliuliza.

Nilimcheka. Nilikuwa na furaha isiyo na kiasi. Usiku wa kwanza tulilala kwenye kibanda cha nyasi na sikusikia jani lolote likisuguana na jingine.

Lakini sikuweza kuchora. Nilitandika gunia chini, nikachanganya rangi, nikakaa mbele yake. Hapakuwa na kitu cha kukishika. Kibanja kilikuwa kimenisonga mpaka mkono ukajua kusukuma, na hapa hapakuwa na cha kusukuma. Nilipiga mstari mmoja wa kulala, katikati. Nikauangalia. Ulikuwa wa kweli, lakini baada yake sikuwa na la kusema.

Tena muda wenyewe haukuwapo. Asubuhi kengele ilipigwa kwenye rimu la gari, tukaenda shamba la pamoja la mihogo. Mchana mkutano. Jioni elimu ya watu wazima, ambayo mimi niliifundisha. Katibu wa kijiji, kijana mwerevu kutoka Biharamulo, alikuwa na daftari la mahudhurio, na siku niliyomwomba asubuhi moja ya kuchora alinisikiliza vizuri sana.

"Tukikuandika kwamba umefanya kazi," alisema, "mwenzako aliyechimba atauliza kazi gani. Nimjibu nini?"

"Nimechora."

"Umechora nini?"

Nilirudi shambani.

Kisha ikaja habari ya mgeni. Kiongozi mkubwa angepita kukagua kijiji, na katibu akataka ukuta wa ghala uchorwe. Ghala ndilo lilikuwa jengo letu kubwa, matofali ya udongo, ukuta mrefu ukitazama barabara. Alinipa ruhusa ya kutokwenda shambani, chokaa, na kopo la rangi ya kijani lililotoka wilayani.

"Jembe," alisema, "na mkungu wa ndizi, na watu wanacheka. Nakuamini."

Nilipaka chokaa. Ukuta ulipokauka ulikuwa mweupe na mkubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kukipata. Nilisimama mbele yake na kijani mkononi, na badala ya jembe mkono wangu ukapiga kipande cha kusimama, kutoka juu hadi chini. Kisha cha pili karibu yake. Nikaona ninachofanya. Nilikuwa nakiita kibanja kije. Nilikwenda kuchimba udongo mwekundu, nikachoma majani nipate masizi, nikamtuma mke wangu akaombe utomvu vijiji vya karibu, naye akarudi na kibuyu. Nilifanya kazi mpaka jua lilipozama, na kesho yake, na keshokutwa, nikipanda na kushuka juu ya pipa. Sijawahi kuwa na siku kama zile. Mwili wote ulikuwa unachora, hata miguu. Nilivibananisha vipande vile hadi nikasikia baridi ya nyumbani usoni mwangu, na kati yake niliacha chokaa ipite, nyembamba, ule mwanga unaoshuka. Nilikuwa nalia bila huzuni.

Watu walipotoka shambani walisimama. Hawakuuliza ni nini. Mama mmoja mzee, aliyehamishwa pamoja na mwanawe na ambaye hakuwa anaongea Kiswahili, aliweka jembe chini, akaenda akaegemea ukuta kwa mgongo, pale penye kijani kizito, akafumba macho.

"Aha nihafuka," alisema. Hapa pana baridi.

Wengine wakacheka, lakini wawili watatu walikwenda kukaa karibu naye, ingawa jua lilikuwa limegeuka na upande ule hapakuwa na kivuli.

Katibu alikuja jioni. Alitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, lakini hakukasirika.

"Ni nzuri," alisema. "Kweli kabisa, ni nzuri. Sijui kwa nini. Mgeni akiuliza ni nini, niseme nini?"

"Mwambie ni kibanja."

"Kibanja." Aliguna. "Tumewatoa watu kwenye vibanja waje hapa. Halafu ukutani tuwachoree kibanja?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Naapa sikuwa nimeliwaza.

"Jembe ni siku moja tu ya kazi," alisema taratibu. "Kwako si kitu."

Niliupaka chokaa mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtu mwingine aupake. Mikono miwili ya chokaa haikutosha, utomvu uliendelea kujitokeza chini ya weupe, kahawia hafifu, kama mtu anayekataa kuamka lakini hasinzii. Nikaongeza mkono wa tatu. Kisha nikachora jembe, na mkungu, na watu wanaocheka, na mgeni alipokuja alinipa mkono akasema kijiji kina fundi. Nilisema asante. Niliporudi kibandani nilimwambia mke wangu kwamba nimechoka, naye hakuuliza kuchoka na nini. Alikaa karibu yangu akaimba mojawapo ya zile nyimbo zake za Kilutheri, kwa sauti ndogo, hadi mwisho.

Kijiji hakikuvunjika kwa kelele. Mihogo ilikuwa myembamba. Watu walikuwa wanakwenda kwao Jumamosi kuchukua ndizi, wakarudi Jumatatu, kisha Jumatano, kisha hawakurudi. Mwenyekiti wetu mwenyewe, yule wa makofi, hakuwahi kuhamia. Mimi niliitwa kwa sababu Mae alikuwa anaumwa. Nilikwenda na mke wangu na mtoto kwa siku chache, nikakaa, na hakuna aliyetoka rweya kuja kunirudisha.

Mdogo wangu alikuwa amekifanya kibanja kuwa bustani. Mikungu ilikuwa minene, mibuni imebeba hadi matawi yanainama, nyasi zimetandikwa kama kitanda. Nilipita kati ya mashina, na kile kivuli kikanifunika kichwa, mabega, mgongo. Nilijua harufu yake kabla sijaivuta.

Nilimwambia ukoo ungepaswa kumvika yeye lubugo. Tulikwenda pamoja kwa wazee kuwaomba. Walitusikiliza, wakanywa rubisi yetu, wakasema haiwezekani. Mrithi ni mmoja na hutajwa mara moja. Wakitoka, mmoja wao alimsifu mdogo wangu kwa ndizi nzuri.

"Umewasikia," nilimwambia.

"Nimewasikia. Kesho tunapunguza machipukizi upande wa chini. Usije, utaharibu."

Ndivyo tulivyoishi. Yeye alilima, mimi nilikaa. Yeye aliamua kila kitu na mimi nilikitamka mbele za watu. Alinipa banda la kahawa niwe nachoria humo nje ya msimu, na msimu ulipofika nilitoa magunia yangu yaliyochorwa kupisha yale yenye kahawa. Nilichora vipande vilevile. Lakini mkono ulikuwa umebadilika tangu ule ukuta. Ulikuwa unaijua ile chokaa nyembamba katikati, na niliitafuta tena kwa udongo mweupe wa mtoni, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingine niliipata.

Mae aliishi kuliko tulivyotarajia. Siku zake za mwisho alikuwa analazwa nje ya banda apate jua, na kupitia mlangoni aliniona nikifanya kazi. Hakusema lolote juu yake. Mara moja tu alisema, "Bado unachafua vitu," na nilipomgeukia alikuwa amefumba macho, akitabasamu au akiumia, sikuweza kujua.

Kabla hajafariki, mwalimu mmoja wa chuo cha ualimu alipita kwetu kwa habari ya posa. Aliona magunia, akarudi tena na mwenzake, na baadaye tukapata habari kwamba Dar es Salaam patakuwa na maonyesho ya kazi za wasanii wa mikoani, na kwamba nimealikwa niende nayo. Nilichagua magunia. Mke wangu alinishonea shati. Wiki ya safari, Mae akafa.

Mrithi haondoki matangani. Ni yeye anayekaa, ni mbele yake watu wanakuja kulia, ni yeye anayenyolewa siku ya kumaliza. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Nilikuwa nimekaa mahali pangu, kichwa kimeinama, na mdogo wangu akaja akachuchumaa.

"Meli ni kesho," alisema.

"Najua."

"Nitayapeleka mimi."

Alikuwa hajawahi kuvuka ziwa hata kufika Mwanza. Alijaribu kukataa shati langu jipya, nikamlazimisha alivae. Niliwaona vijana wakilipandisha furushi la magunia kwenye lori, limefungwa kwa kamba za migomba, na lori likapotea kwenye kona baada ya shina la tatu, kwa sababu toka kwetu huoni zaidi ya hapo.

Aliporudi alikuwa amekonda, na furushi lilikuwa limepungua. Gunia moja limenunuliwa. Hakujua na nani. Mtu alikuja wakati yeye yuko nje akitafuta chakula, na alipoingia ukutani palikuwa na msumari. Lilikuwa lile lenye zambarau. Nilimuuliza kama walilikunja vizuri. Hakujua.

Tulikaa chini ya migomba, nikamtilia rubisi. Alinieleza joto la Dar es Salaam, treni, watu wasioamkiana.

"Waliuliza ni nini?" nilimuuliza.

"Wote. Niliwaambia ni shamba letu. Wengine walicheka, wengine wakatazama tena." Alikunywa. "Mama mmoja alikaa sana mbele ya lile kubwa. Akaniuliza aliyechora amesafiri nchi zipi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia hajatoka Muleba."

"Nilikaa rweya."

"Rweya si Muleba?"

Nilicheka, nikamwongezea kikombe. Juu yetu majani yalikuwa yanasuguana, na mtu alikuwa anabisha hodi upande wa barabara, nikainuka kumwitikia.